Buibui Wenye Sumu Majumbani: Fagio Kwanza, Dawa ya Pamba Kamwe

Mavuno ya pamba yanapoanza mwezi Mei, nyumba nyingi za Bariadi hugeuka ghala. Marobota ya pamba husubiri kupelekwa AMCOS, magunia ya mahindi na mtama hupangwa ukutani, na kuni za akiba huegemezwa nyuma ya jiko. Vitu hivyo vyote ni mali ya kaya, lakini pia ni maficho mazuri kwa viumbe wadogo wapendao giza, ukavu na utulivu. Buibui ni miongoni mwao.

Mtu anapomwona buibui juu ya kitanda cha mtoto, jambo la kwanza linalomjia akilini huwa ni dawa. Na katika mkoa unaolima pamba kwa wingi kama Simiyu, dawa iliyo karibu zaidi ni ile iliyobaki baada ya kupulizia shamba. Makala haya yanaeleza kwa nini uamuzi huo ni wa hatari kuliko buibui mwenyewe, ni buibui gani wanaostahili kuogopwa, na ni hatua zipi zinazoweza kuwaondoa bila kuiweka familia hatarini.

Buibui wa kuogopwa ni wachache

Takriban buibui wote wana sumu. Huitumia kuwalemaza wadudu wanaowala. Hata hivyo, kati ya aina zaidi ya 50,000 zinazojulikana duniani, ni chache tu zenye meno yanayoweza kupenya ngozi ya binadamu na sumu yenye nguvu ya kumdhuru. Kwa mkazi wa Bariadi, yapo makundi matatu ya kuyafahamu.

Kundi la kwanza, na muhimu kuliko yote majumbani, ni la buibui wa kahawia mwenye tumbo la mviringo. Jike lake lina mwili wa takriban sentimita moja, miguu yenye mapingili ya rangi nyeusi na hafifu, na chini ya tumbo ana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, pana kwenye ncha mbili na nyembamba katikati, mithili ya pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Alama nyingine iliyo rahisi kuiona ni kifuko chake cha mayai: kidonge cheupe au cha manjano hafifu, chenye vijiba vingi mfano wa mbegu yenye miiba. Utando wake hauna mpangilio. Ni nyuzi imara zilizovurugika pembeni mwa ukuta, chini ya kiti, ndani ya tairi kuukuu au chini ya kifuniko cha choo. Buibui huyu si mkali. Huuma pale anapobanwa na mkono, mguu au nguo. Mara nyingi mtu aliyeng'atwa hupata maumivu makali, wekundu na jasho mahali palipoumwa, na hali hiyo hupungua baada ya muda. Vifo vinavyotokana naye ni nadra mno. Wapo ndugu zake weusi ambao sumu yao ni kali zaidi, na huweza kuleta mkazo wa misuli, maumivu ya tumbo, jasho jingi na kupanda kwa shinikizo la damu.

Kundi la pili ni buibui wembamba wa rangi ya udongo wanaotembea usiku na kujificha mchana katika nyufa, chini ya mawe na kwenye nguo zilizorundikwa. Ni vigumu kumwona anapouma, lakini sumu yake inaweza kuacha kidonda kinachochelewa kupona.

Kundi la tatu ni buibui wakubwa wenye manyoya wanaochimba mashimo ardhini na kuyatandika kwa hariri. Hao hutisha kwa ukubwa wao na husimama kwa miguu ya nyuma wanapochokozwa. Kung'atwa nao huuma sana, ila si kawaida kuhatarisha maisha. Watoto waelekezwe kutochokoa mashimo kwa vijiti.

Buibui wasio na kosa

Upo upande wa pili wa habari hii. Buibui bapa anayekimbia haraka ukutani usiku hana madhara kwa binadamu. Yule mkubwa wa rangi ya mchanga, mwenye mbio nyingi, anayeonekana sehemu kavu wakati wa joto na kuitwa buibui na watu wengi, kwa kweli si buibui halisi na hana sumu kabisa, ingawa taya zake zinaweza kuumiza.

Tena wapo buibui wanaomfaa binadamu. Kandokando ya Ziwa Victoria, ziwa hilohilo linalopakana na Wilaya ya Busega, nchini Kenya na Uganda anaishi buibui mdogo arukaye ambaye wanasayansi humwita Evarcha culicivora. Watafiti waliofanya kazi Mbita, Kenya, katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, walichapisha mwaka 2005 matokeo yanayoonesha kuwa buibui huyo huchagua kula mbu jike waliokwisha kunyonya damu. Utafiti uliofuata ulionesha pia kwamba huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, harufu ileile inayomvuta mbu wa malaria kwa binadamu. Katika ukanda ambao malaria bado inalaza watoto wengi hospitalini, kuua kila buibui bila kuchagua ni kuwafukuza walinzi pamoja na wezi.

Madhara anayosingiziwa buibui

Wapo wanaoamka na mstari wa malengelenge shingoni au mkononi na kusema wamekojolewa na buibui. Buibui hawasababishi malengelenge kwa mkojo. Mara nyingi chanzo ni mdudu mwembamba mwenye mapingili mekundu na meusi, anayefanana kidogo na siafu, ambaye huongezeka baada ya mvua na kuvutwa na taa usiku. Mdudu huyo haumi. Mtu anapompondea mwilini, maji yaliyomo ndani yake huunguza ngozi. Jambo linalofaa ni kumpuliza kwa mdomo aondoke bila kumponda, kisha kuosha ngozi kwa maji na sabuni. Malengelenge ya upande mmoja wa mwili yanayoambatana na maumivu makali huweza kuwa mkanda wa jeshi, na hayo yanahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya.

Kosa la hatari zaidi ni kuuchukulia ugonjwa wa kimeta kuwa ni jeraha la buibui. Kimeta huwapata watu waliochuna, kuchinja au kushika mzoga wa mnyama mgonjwa. Dalili yake kwenye ngozi ni kipele kinachogeuka kidonda chenye gamba jeusi katikati, uvimbe pembeni, na mara nyingi bila maumivu. Hata madaktari wa nchi zilizoendelea wamewahi kukosea: mwaka 2001, jijini New York, mtoto mchanga wa miezi saba aliyeambukizwa kimeta alidhaniwa kwanza kuwa aling'atwa na buibui. Kwa mkoa wa wafugaji kama Simiyu, kanuni ni hii: kidonda cheusi kwa mtu aliyeshika nyama au ngozi ya mnyama aliyekufa ghafla kipelekwe zahanati siku hiyohiyo, na afisa mifugo ajulishwe.

Kwa nini dawa ya pamba isiingie ndani

Viuatilifu vya pamba hutengenezwa kwa ajili ya shamba la wazi, ambako jua, upepo na mvua huvipunguza nguvu siku hadi siku. Ndani ya nyumba hakuna jua wala mvua. Dawa hubaki ukutani, kitandani, kwenye vyombo na sakafuni anakotambaa mtoto, na familia huendelea kuivuta na kuigusa kwa muda mrefu.

Baadhi ya viuatilifu hivyo ni vya kundi la oganofosfeti. Kundi hili huzuia kazi ya kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu baada ya kutuma ujumbe wake. Kimeng'enya hicho kikizuiwa, mwili huwa kama injini isiyozimika: mate na machozi hutoka kwa wingi, jasho hutiririka, mboni za macho husinyaa, kifua hubana, tumbo husokota, misuli hutetemeka, na mtu anaweza kushindwa kupumua. Mtoto huathirika haraka kuliko mtu mzima kwa sababu mwili wake ni mdogo na yuko karibu na sakafu.

Ajabu ni kwamba hatari yote hiyo haileti faida inayotarajiwa. Buibui hutembea kwa ncha za miguu na kuning'inia kwenye nyuzi, hivyo hugusa sehemu ndogo sana ya ukuta uliopuliziwa. Mayai yake yamefungwa ndani ya kifuko cha hariri ambacho dawa haipenyi kwa urahisi. Jike wa kahawia hutaga mayai zaidi ya mia katika kifuko kimoja, na hutengeneza vifuko kadhaa maishani mwake. Mama anaweza kufa kwa dawa leo, na watoto wake wakaanguliwa baada ya wiki chache katika nyumba ileile. Aidha, buibui wachanga husafiri angani kwa uzi mwembamba unaopeperushwa na upepo. Nyumba iliyopuliziwa jana inaweza kupata wageni wapya kesho.

Kwa hiyo dawa ya pamba ibaki shambani. Isihifadhiwe chumba cha kulala, isimiminwe katika chupa ya soda au maji, na chombo chake kisitumike tena kubebea maji, mafuta ya kula au pombe. Ikibaki baada ya msimu, afisa ugani wa kata aulizwe namna ya kuihifadhi au kuikabidhi. Mafuta ya taa na mienge ya moto nayo hayafai kufukuzia buibui, hasa katika nyumba za nyasi na zile zenye pamba ndani. Cheche moja inaweza kuteketeza mavuno ya mwaka mzima.

Hatua za kuwaondoa buibui

Buibui hukaa mahali penye vitu viwili: maficho na chakula. Kaya ikiondoa hivyo viwili, buibui huhama au hufa. Kazi hii haihitaji fedha nyingi.

Kwanza, fagio. Ufagio wenye mpini mrefu upitishwe kwenye dari, pembe za kuta, nyuma ya kabati, chini ya vitanda na viti angalau mara moja kwa wiki. Shabaha iwe kifuko cha mayai zaidi ya utando. Vifuko vikusanywe na kupondwa, au kutumbukizwa katika ndoo ya maji yenye sabuni. Anayefanya kazi hiyo avae viatu vya kufunika mguu na kuvika mkono mfuko mzito wa plastiki au glavu.

Pili, choo. Choo cha shimo kina giza na nzi wengi, hivyo buibui hupata makazi na chakula kwa pamoja. Kifuniko cha tundu kiwepo na kifungwe. Sehemu ya chini ya kiti au kifuniko ipigwe brashi mara kwa mara, na anayeingia usiku amulike kwa tochi kabla ya kukaa au kuchuchumaa.

Tatu, mrundikano wa nje. Kuni, matofali, mabati na matairi kuukuu vihamishwe mbali na ukuta wa nyumba. Kuni zipangwe juu ya magogo au mawe ili zisiguse ardhi. Anayezichukua asiingize mkono penye giza. Azivute kwanza kwa kijiti. Nyasi za karibu na ukuta zikatwe. Kuku wanaoachiwa uani husaidia kwa kula wadudu na buibui.

Nne, nyufa. Kuta za tofali za udongo zizibwe kwa udongo uliokandwa vizuri au kwa saruji kwa mwenye uwezo. Pengo la chini ya mlango lizibwe kwa kipande cha mpira au kitambaa kilichokunjwa. Madirisha yawekewe wavu, ambao pia huzuia mbu.

Tano, taa. Taa inayowaka mlangoni usiku huvuta wadudu, na wadudu huvuta buibui. Ni afadhali ifungwe mbali kidogo na mlango ikielekezwa mlangoni, au izimwe isipohitajika. Taa yenye mwanga wa manjano huvuta wadudu wachache kuliko yenye mwanga mweupe.

Sita, pamba na nafaka. Panapowezekana, pamba isilazwe chumba wanacholala watu. Itandikwe juu ya turubai au chaga, na iachwe nafasi kati yake na ukuta ili ufagio upite. Marobota na magunia yaliyokaa muda mrefu yasogezwe kwa uangalifu, si kwa kukumbatiwa.

Saba, kitanda na mavazi. Kitanda kisogezwe mbali na ukuta na shuka zisiburuzike sakafuni. Chandarua kikichomekwa vizuri chini ya godoro humkinga mlalaji dhidi ya mbu, buibui na nge kwa wakati mmoja. Viatu, nguo na sare za shule zikung'utwe kila asubuhi kabla ya kuvaliwa. Tabia hiyo moja ingezuia sehemu kubwa ya ajali za kung'atwa, kwa kuwa buibui huuma anapobanwa dhidi ya ngozi.

Hatua hizohizo huwazuia nge, ambao katika maeneo kavu wanaweza kuwa hatari kuliko buibui. Kwa kanuni ya jumla, nge mwenye mkia mnene na koleo nyembamba aogopwe zaidi.

Endapo buibui wataendelea kuwa wengi baada ya usafi wa wiki kadhaa, kaya imwone Afisa Afya wa Kata. Akishauri dawa, iwe ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) kwa matumizi ya majumbani, yenye lebo inayosomeka. Vyakula, vyombo, watoto na mifugo vitolewe kwanza, na nyumba ifunguliwe ipate hewa kabla ya watu kurudi.

Huduma ya kwanza kwa aliyeng'atwa

Mtu aliyeng'atwa atulizwe na kuondolewa mahali alipo buibui. Jeraha lioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha liwekewe kitambaa kilichochovywa maji baridi. Pete, bangili na nguo za kubana zivuliwe kabla uvimbe haujaongezeka. Buibui akiweza kupigwa picha kwa simu, au mwili wake kuwekwa ndani ya kopo bila kumshika, mtaalamu wa afya atasaidika.

Yapo mambo ya kuepukwa. Jeraha lisichanjwe kwa wembe wala kunyonywa. Mkono au mguu usifungwe kamba kwa nguvu. Jiwe jeusi linaloitwa jiwe la nyoka halivuti sumu ya buibui wala ya nyoka. Linachofanya ni kuchelewesha safari ya kwenda kutibiwa. Vilevile dawa ya kuzuia sumu ya nyoka haitibu sumu ya buibui, hivyo ndugu wasilazimishe mgonjwa achomwe sindano hiyo.

Mgonjwa apelekwe zahanati, kituo cha afya au hospitali bila kusubiri endapo ni mtoto mdogo, mjamzito au mzee. Endapo maumivu yanasambaa kifuani au tumboni. Endapo anatokwa jasho jingi, anatapika, misuli inakaza au anapumua kwa shida. Au endapo kidonda kinakua, kinabadilika rangi au kinatoa usaha.

Kwa aliyedhurika na kiuatilifu, atolewe kwenye hewa safi, avuliwe nguo zilizolowa na aoshwe ngozi kwa maji mengi na sabuni. Asitapishwe kwa nguvu wala kupewa maziwa kwa imani kuwa yanaua sumu. Kopo au lebo ya dawa ipelekwe hospitali pamoja naye, kwa kuwa matibabu hutegemea aina ya kiuatilifu, na zipo dawa zinazookoa maisha mgonjwa akiwahi.

Wajibu wa kaya na wa mtaa

Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya usafi wa mazingira nchini kote. Kwa kawaida siku hiyo hutumika kufagia barabara, mitaro na masoko. Kaya zinahimizwa kuitumia pia kutazama yale yasiyoonekana kutoka barabarani: chini ya kitanda, nyuma ya marobota, ndani ya choo na kwenye rundo la kuni. Wenyeviti wa mitaa, vijiji na vitongoji wanaweza kupanga siku hiyo kuwa pia ya kuwasaidia wazee wanaoishi peke yao, ambao mikono yao haifiki darini na macho yao hayaoni vizuri pembe za giza.

Ushauri zaidi hupatikana kwa Afisa Afya wa Kata, kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na katika zahanati iliyo karibu. Wizara ya Afya pia hupokea maswali ya wananchi bila malipo kupitia namba 199. Masuala ya viuatilifu vya pamba yapelekwe kwa afisa ugani.